Mguu ushakatwa ila kidole gumba bado kinawasha: mzee hajachanganyikiwa

Mkuu, umesema mzee wako kakatwa mguu juu ya goti sababu ya sukari, sasa usiku anawaamsha mumkune kidole gumba ambacho hakipo, na majirani wanasema mguu ulizikwa vibaya eti mkaufukue. Msifukue kitu. Mimi mkono wangu wa kushoto ulibaki kwenye msumeno wa mashine, karakana moja huko Keko mwaka 2014, kwa hiyo anachosema mzee nakijua.

Unawakumbuka wafanyakazi hewa? Mtu hayupo kazini siku nyingi ila jina lipo kwenye malipo na mshahara unatoka kila mwezi. Basi ndo hivyo. Kwenye gamba la nje la ubongo, koteksi, kuna ukanda umepita kama hedibendi kutoka usawa wa sikio hili hadi lile, upande wa kulia unapokea habari za mwili wa kushoto na wa kushoto za kulia, na kila kiungo kina eneo lake pale. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, miaka ya 1930 alikuwa anawapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho kabisa (ubongo wenyewe hausikii maumivu, ganzi ni ya huku nje tu), akigusa hapo kwa umeme kidogo mgonjwa anasema nasikia kitu kidoleni, na kidole hakuna aliyekigusa. Mzee amekatwa mguu, eneo la mguu kichwani hakuna aliyelikata.

Na hayo maeneo hayalingani, midomo na vidole vya mkono vimejichukulia viwanja vikubwa, mgongo mzima kaeneo kadogo. Jaribu leo na watoto, mmoja afumbe macho umguse na tuthpiki mbili zilizoachana kama milimita 3, kwenye ncha ya kidole atasema mbili, mgongoni atakuapia ni moja mpaka uziachanishe karibu sentimita 4 hivi.

Kilichonishtua mimi ni kinyozi. Akipitisha mashine shavu la kushoto nasikia kidole gumba kinatekenywa, kile kile kilichobaki Keko! Kumbe kwenye ule ukanda uso na mkono ni majirani. Ramachandran, daktari mmoja Marekani, aliandika habari za watu kama sisi miaka ya 1990, akasema jirani kavamia kiwanja kilichoachwa wazi. Wengine baadaye wakapima kwa mashine za picha wakakuta ramani ya mkono uliokatwa bado ipo, wanabishana mpaka leo. Mguu wenyewe jirani yake ni sehemu za siri, hilo usimuulize mzee mbele ya wakwe.

Maumivu sasa. Ajali ilinikuta nimekamata ubao, na aisee ule mkono hewa ulibaki umekunja ngumi, kucha zinachoma kiganja usiku kucha, utaikunjuaje ngumi ambayo haipo? Dada wa fiziotherapia akaniambia tafuta kioo. Nikasimamisha kioo cha dresingi katikati ya kifua, mkono mzima upande wa mbele ya kioo, kigutu nyuma, nakunja na kukunjua huku naangalia kwenye kioo kama vile ni ule wa kushoto. Wiki mbili najiona mwehu tu, ya tatu ngumi ikaachia, nililia mbele ya mke wangu. Si wote inawasaidia, na siku za baridi bado inarudi kidogo.

Kwa mzee, mkalishe kitandani, kioo katikati ya mapaja, mkune kidole gumba cha mguu mzima yeye akiangalia kioo. Kabla ya hapo mpelekeni akaguliwe kigutu kisije kikawa na kidonda, na aulizie dawa za maumivu ya neva, msijinunulie duka la dawa. Huo mguu uliobaki nao muukague kila siku, sukari hiyo. Kioo kiwe kirefu, hivi vya kunyolea havitoshi, mkikosa fundi yeyote wa dresingi atawakatia.