Jirani wa ghorofani na ua wa ndani

SWALI: Nina kiwanja cha mita 15 kwa 20 Tabata, Dar es Salaam. Barabara iko kaskazini, na upande wa magharibi jirani ana nyumba ya ghorofa moja ambayo madirisha yake yanatazama kwangu. Mimi na mke wangu tunataka sebule ya wazi yenye mwanga na upepo, lakini mama, ambaye tunaishi naye, hapendi kuonekana akiwa amekaa nje bila mtandio. Fundi anashauri nipandishe ukuta wa uzio hadi mita 3 na kuweka vioo vyeusi. Je, inatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, haitoshi, na hesabu yake ni fupi. Tuchukulie kwamba sakafu ya ghorofani kwa jirani iko mita 3.2 kutoka ardhini na kwamba dirisha lake liko mita 3 kutoka mpakani. Macho ya mtu aliyesimama pale yatakuwa kwenye kimo cha mita 4.7 hivi. Ukuta ukiwa wa mita 2.4, utamficha mama aliyeketi, ambaye kichwa chake kiko mita 1.2 kutoka chini, endapo tu hatasogea zaidi ya mita 1 na nusu kutoka ukutani. Ukiupandisha hadi mita 3, eneo hilo la kujificha linafika mita 3 na kidogo, na akisimama linapungua tena. Utakuwa umelipia tofali, nondo na saruji ili upate ujia wenye joto, usiopitisha upepo.

Kuhusu vioo vyeusi, jicho huona kule kwenye mwanga zaidi. Mchana nje kuna mwanga kuliko ndani, hivyo mpita njia haoni kitu. Saa moja usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, nanyi mnaonekana mezani mkila huku wenyewe mkijiona kama kwenye kioo cha kujitazamia. Pazia litahitajika vilevile, kwa hiyo sioni sababu ya kupunguza mwanga wa mchana kwa faida ya nusu siku.

Ushauri wangu ni kwamba nyumba yenyewe ndiyo iwe pazia. Acha mita 1.5 kutoka mpaka wa magharibi (halmashauri itakuambia kama inakubali umbali huo), kisha jenga ubavu wa nyumba wenye upana wa mita 4, uwe na jiko, stoo, bafu na vyoo. Vyumba hivyo havihitaji madirisha makubwa, na vitapokea jua kali la alasiri badala ya sebule. Baada yake weka ua wa mita 4, halafu sebule na vyumba vya kulala upande wa mashariki, navyo vyote vifunguke uani. Ukingo wa paa la ubavu ule, upande wa uani, ukiwa kwenye mita 3.6, mstari wa macho ya jirani unapita juu yake na kugonga ukuta wa sebule kwenye kimo cha mita 3 hivi. Mama anaweza kukaa popote uani, kichwa wazi, na milango ya sebule ikaachwa wazi kutwa nzima.

Wazee wa pwani waliyajua haya. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni alipitia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, yaani ukumbi mdogo wa ndani, ndipo afike kwenye kiwanda, yaani ua. Njia ilipinda, hata mlango ukiachwa wazi aliye nje aliona ukuta tu. Nawe usilielekeze geti sawasawa na mlango wa sebule.

Upepo usisahauliwe, kwa sababu ua uliozibwa pande zote huwa tanuri. Upande wa barabara jenga ukuta wa matofali ya matundu ili kaskazi iingie, na upande wa kusini uache wazi kwa ajili ya kusi. Tundu la upana wa sentimita 10 katika tofali lenye unene wa sentimita 15 humruhusu anayetazama moja kwa moja kuona ndani, lakini anayetazama kwa upande haoni kitu. Sakafu ya ua iwe chini ya ile ya sebule kwa sentimita 15 na iwe na matundu mawili ya kutolea maji, kwani moja likizibwa na majani wakati wa masika, maji yataingia sebuleni.

Kabla ya kuchimba msingi, simika mirunda miwili ya mita 3.6 mahali ukingo wa paa utakapokuwa, ufunge kamba kati yake, umweke mtu kwenye kigoda pale ua utakapokuwa, kisha umwombe jirani akuruhusu kusimama dirishani kwake kwa dakika 10. Ukimwona mtu huyo chini ya kamba, mpango unafaa, kwani hapo paa litamficha. Akionekana juu yake, sogeza ua au pandisha paa wakati bado ni mirunda na kamba tu.