Maswali na majibu: Hiddink, Korea na mzungu tunayemsubiri

Juzi niliandika hapa kwamba kumtimua kocha wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, kila tunapofungwa ni kujidanganya. Karibu nusu ya meseji zilizokuja zinamtaja mtu mmoja, Mholanzi Guus Hiddink, kocha aliyeifikisha Korea Kusini nusu fainali ya Kombe la Dunia 2002. Nimechukua chache. Za matusi nimezifuta, na za kuniomba mkeka wa kubeti wa Jumamosi nimezifuta pia.

Kwa nini TFF (shirikisho letu la soka) wasimchukue Hiddink atupeleke Kombe la Dunia kama alivyoipeleka Korea? (Msomaji, Tabata)

Swali hili linarudi kila tukipoteza mechi, na anayeuliza hajawahi kujisumbua kuangalia hata umri wa anayemtaka. Hiddink amezaliwa Novemba 1946 na alitangaza kustaafu Septemba 2021. Mwacheni mzee apumzike.

Halafu si yeye aliyeipeleka Korea Kusini kwenye fainali. Mwaka 2002 Korea walikuwa wenyeji pamoja na Japani, na kabla ya hapo walishacheza fainali za 1954, 1986, 1990, 1994 na 1998 bila yeye. Ugonjwa wao ulikuwa mwingine: katika mechi 14 za fainali hizo tano hawakushinda hata moja.

Alipoanza kazi Januari 2001 alipewa kitu ambacho kocha wa hapa, awe mgeni au mzawa, hukiomba mpaka anaondoka: alipewa wachezaji. Kambi zilikuwa ndefu, na Mholanzi mwenzake, Raymond Verheijen, aliletwa kushughulikia pumzi. Mei 2002, fainali zikiwa mlangoni, waliifunga Scotland 4-1, wakatoka 1-1 na England, wakafungwa 3-2 na Ufaransa waliokuwa mabingwa wa dunia. Angalia ukubwa wa timu hizo, kisha ukumbuke mechi zetu za kirafiki.

Akagusa na mila. Korea mdogo humpa mkubwa heshima yake hata mpira ukiwa unachezwa, na pasi ilikuwa ikienda kwa kaka hata kama dogo ndiye aliyekaa vizuri. Hiddink akataka waitane majina tu uwanjani. Nahodha mkongwe, Hong Myung-bo, alikaa nje ya kikosi kwa muda mrefu na akarudishwa fainali zikikaribia. Jaribu kumweka nje kwa miezi mchezaji kipenzi wa klabu kubwa hapa nchini, uone simu zitakazopigwa.

Ni kweli Wakorea walimpa jina la "Tano Bila"? (Msomaji, Mwanza)

Kweli. Mei 2001 Ufaransa waliwapiga 5-0, na Agosti Jamhuri ya Czech wakawapiga 5-0 tena. Januari 2002 walikwenda Marekani kwenye Kombe la Dhahabu, wakatoka 0-0 na Cuba. Magazeti ya Seoul yalitaka afukuzwe, na kilichoongeza chumvi kwenye kidonda ni kwamba kwenye fainali za 1998 kule Marseille yeye ndiye aliyekuwa kocha wa Uholanzi iliyowafunga hao hao Wakorea tano bila.

Sasa jibu swali langu: wewe uliyeuliza ungemvumilia? Sisi mkono mmoja tu, yaani mabao matano, unatosha kuitisha kikao cha dharura. Hata Mholanzi wetu, Mart Nooij, Juni 2015 alifungwa 3-0 na Uganda pale Zanzibar na hakuiona wiki ya pili kazini. Sisemi Nooij alikuwa malaika, kipindi kile Stars ilikuwa inafungwa na kila mtu. Lakini ni yeye huyo aliyeipeleka Msumbiji AFCON ya 2010. Tulimleta kwa sifa za Msumbiji, tukamfukuza kwa hasira za Dar es Salaam, na mambo yaliyokuwa yameoza kabla yake yakabaki vilevile.

Si waamuzi ndio waliowabeba Korea 2002? (Mpenda haki, Dodoma)

Walisaidiwa, ndiyo. Hispania walikataliwa mabao mawili na wakatolewa kwa matuta, na wana haki ya kununa mpaka leo. Lakini nenda ukaitazame upya mechi ya Italia kule Daejeon, uache kutazama mwamuzi. Italia wanaongoza 1-0 tangu dakika ya 18. Kipindi cha pili Hiddink anaanza kutoa wachezaji wa kuzuia: anatoka beki Kim Tae-young anaingia mshambuliaji Hwang Sun-hong, anatoka kiungo mkabaji Kim Nam-il anaingia Lee Chun-soo, dakika ya 83 anatoka Hong Myung-bo mwenyewe, nahodha, anaingia Cha Du-ri. Mbele ya Vieri na Totti, washambuliaji wa Italia! Dakika ya 88 Seol Ki-hyeon akasawazisha. Dakika ya 117 Ahn Jung-hwan, aliyekosa penalti mapema kabisa, akaruka na kupiga kichwa, bao la dhahabu (wakati ule bao la muda wa nyongeza lilimaliza mechi), mchezo ukaisha. Hakuna mwamuzi aliyeyapanga mabadiliko yale, na hakuna mwamuzi anayempa mtu mapafu ya kukimbia dakika 117.

Hiddink alishinda nini Real Madrid? (Msomaji, Tanga)

Kombe la Mabara, Desemba 1998, dhidi ya Vasco da Gama kule Tokyo. Februari 1999 akafungashiwa virago.

Ni Hiddink aliyewapeleka Curaçao Kombe la Dunia 2026? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Ni Dick Advocaat. Waholanzi wote si mtu mmoja.

Nasikia aliwahi kufundisha timu mbili kwa wakati mmoja. Inawezekana? (Msomaji, Arusha)

Alifanya hivyo msimu wa 2005/06, klabu ya PSV ya Eindhoven, Uholanzi, na timu ya taifa ya Australia. Novemba 2005 Australia waliitoa Uruguay kwa matuta Sydney, wakaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974. Inawezekana, ila wachezaji wake wa Australia wengi walikuwa tayari wanacheza Ulaya, karibu na alipo. Usije ukatumia mfano huu kumtetea yule kocha wa mkoani kwako.

Mnamsifia tu. Hajawahi kushindwa? (Msomaji, Mbeya)

Ameshindwa sana. Baada ya kuifikisha Urusi nusu fainali ya Euro 2008, tena akiwatoa Waholanzi wenzake 3-1, alikosa Kombe la Dunia 2010 kwa kutolewa na Slovenia. Uturuki aliondoka baada ya kufungwa 3-0 na Croatia Istanbul kwenye mchujo wa Euro 2012. Alirudi timu ya taifa ya Uholanzi 2014, hakumaliza mwaka. China wakampa vijana wao, wakamwondoa 2019. Na 2007 mahakama ya Uholanzi ilimtia hatiani kwa udanganyifu wa kodi.

Akili ni ileile. Tofauti ilikuwa kwa waliomwajiri, na Korea walimpa alichoomba na kumvumilia alipofungwa. Sijaona shirikisho lolote la ukanda wetu linalotaka kumwiga huyo mwajiri. Wote wanataka kumwiga kocha.

Hiddink na Hans van der Pluijm nani zaidi? (Shabiki wa Yanga, Morogoro)

Mmoja ana ubingwa wa klabu za Ulaya wa 1988 na PSV, kwa hiyo tusichoshane. Lakini Pluijm, Mholanzi mwingine aliyefundisha Yanga, hajapewa heshima yake hapa. Aliwapa Yanga ubingwa 2014/15 na 2015/16, akawaingiza makundi ya Kombe la Shirikisho 2016, na kabla ya hapo Al Ahly walitoka sare ya 1-1 Dar es Salaam na wakahitaji bao la dakika za mwisho kwao ili kupita. Mwisho wa mwaka huohuo akaletwa George Lwandamina, na Pluijm akasogezwa pembeni.

Wakala amesema kocha Mholanzi atamchukua mwanangu wa miaka 15 kwa majaribio Eindhoven, nitume milioni tatu za maandalizi. Nifanyeje? (Mzazi, Kigoma)

Mama au baba, usitume hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache ambayo kijana wako huenda hana. Park Ji-sung na Lee Young-pyo walikwenda PSV kwa Hiddink baada ya kucheza Kombe la Dunia, wakiwa watu wazima, na hakuna mzazi aliyeombwa nauli. Mwambie huyo wakala akupe barua ya klabu, kisha iandikie klabu yenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile aliyokupa yeye. Akianza kukuharakisha, peleka namba yake polisi.