Jibu: Ubongo "umeshuka milimita 7", na kwa nini kukohoa kunauma

Dada, umeuliza kwa nini kisogo kinapasuka ukikohoa, na inakuwaje picha ya MRI iseme ubongo umeshuka milimita 7 wakati uvimbe hakuna.

Pitisha kidole kisogoni mpaka pale mfupa unapoishia na shingo kuanza. Ndani ya hapo kuna tundu kubwa, ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kwenye Chiari aina ya kwanza, yaani hali ya sehemu ya chini ya ubongo kushuka tunduni humo, mara nyingi kosa si la ubongo: chumba cha nyuma cha fuvu ndicho kidogo, basi ncha za chini za ubongo mdogo (sehemu ya ubongo iliyo nyuma, chini) zinasukumwa tunduni. Zikishuka zaidi ya milimita 5, wengi huiita Chiari, jina la daktari aliyeieleza mwaka 1891.

Sasa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Tunatengeneza kama nusu lita kwa siku, na kila moyo ukipiga yanashuka shingoni kidogo, yanarudi. Tundu likibanwa, ni chupa yenye kizibo: ukikohoa presha inapanda, maji hayana pa kukimbilia. Ndiyo hayo maumivu yako ya sekunde chache.

Mimi hizo milimita pekee zisingenitisha. Wapo wenye zaidi na hawajui. Ningeuliza kama mgongo nao umepigwa picha, maana maji yanaweza kuchimba uwazi ndani ya uti wenyewe. Na ukishika kikombe cha chai usihisi moto, au mkono ukaanza kulegea, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.