Mapacha njiani, nyumba mpya Nansio

Swali: Tunahama Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Mke wangu ana mimba ya mapacha, wiki 28. Tujiandae vipi?

Jibu: Daktari akiridhia, hameni sasa. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na uchungu ukianza usiku wa manane kivuko utakipata wapi? Kuanzia wiki ya 34 mama arudi akae kwa ndugu Mwanza, karibu na Hospitali ya Bugando. Kadi ya kliniki isifungiwe kwenye mizigo. Iwe mkobani pamoja na majibu ya ultrasaundi na ya kundi la damu. Dozi za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, zipishane angalau mwezi. Maji ya ziwa ya kuogea yakae siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko, vimelea vya kichocho vife. Chandarua kwanza, kitanda cha watoto baadaye.