Pikipiki ya spoti kwenye masika: tuliza mikono kwanza

Kila masika yakikaribia Dar es Salaam, kuna kijana aliyenunua pikipiki yake ya kwanza ya spoti ananiuliza kama aifunike turubai mpaka Juni. Namjibu hapana. R6 ya Yamaha, CBR600RR ya Honda, GSX-R ya Suzuki na wenzake hawaogopi maji. Japani zinakotengenezwa nako kuna msimu wa mvua, na watu wanaendesha. Ukiifunika miezi mitatu, utarudi barabarani huna mazoezi, betri imekufa, na mvua za vuli zitakukuta hujajifunza lolote.

Lakini mvua na pikipiki ya spoti vina mgogoro wao wa pekee, na hauanzii kwenye tairi kama wengi wanavyodhani. Unaanzia mabegani.

Angalia mkao wenyewe. Vishikio viko chini, vimefungwa moja kwa moja kwenye shokapu za mbele. Unainama juu ya tangi, na usipojua kuubeba mwili wako, uzito wote wa kiwiliwili unaangukia viganjani. Jua likiwaka utaishia kuumwa viganja tu. Mvua ikinyesha, hofu inaingia: mabega yanapanda, viwiko vinanyooka, vidole vinakaba. Hapo kila tuta na kila kishimo kinapita mikononi mwako kuingia kwenye usukani. Na kwenye lami iliyolowa tairi la mbele litateleza kidogo, hata ukiwa dereva hodari kiasi gani. Likiteleza, usukani unacheza kidogo kisha unajirudi wenyewe. Pikipiki imeundwa ifanye hivyo. Aliyeukaba anauzuia usijirudi, na mtelezo mdogo uliokuwa uishe peke yake unageuka kuwa anguko.

Mkono wa kulia una hatari ya ziada kwa sababu ndio ulioshika resi. Ukiwa umekaza, kila ukirushwa na shimo unavuta resi bila kukusudia. Kwenye bodaboda yenye injini ya cc 125 hilo halina madhara makubwa. Kwenye ya cc 600 ni tairi la nyuma kuhama njia.

Kwa hiyo kabla hujanunua koti la mvua, jifunze kuubeba mwili kwa miguu. Bana tangi kwa magoti na mapaja, kaza tumbo, acha mgongo ufanye kazi yake, kisha legeza viwiko. Nina kipimo ninachokitumia mpaka leo nikiwa njiani: natikisa viwiko juu na chini kama kuku anayepiga mbawa. Vikigoma, najua nimekaza, napunguza mwendo mpaka vilegee. Fanya mazoezi haya siku za jua, kwa mfano kutoka Mwenge hadi Tegeta, ukiwa umebana tangi njia nzima. Mapaja yatauma mwanzoni. Tangi likiteleza, kuna raba za kubandika pembeni zake. Ni pesa iliyotumika vizuri kuliko ekzosi ya kelele.

Sasa matairi. Nyingi za 600 na 1000 zinavaa 120/70 inchi 17 mbele, na 180/55 au pana zaidi nyuma. Pikipiki hizi mara nyingi zinatufikia zikiwa zimetumika, na matairi yanaweza kuonekana mazima kwa sababu yana meno, kumbe mpira umeshakuwa mgumu. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu linaweza kukuvumilia kwenye lami kavu yenye joto. Kwenye mvua halikuvumilii.

Pili, angalia ni tairi la kazi gani. Matairi ya uwanjani, yale yenye mifereji michache na mpira laini, yanashika baada ya kupata joto, na mvua inayapokonya joto hilo. Hata kwenye MotoGP, mbio kubwa za pikipiki duniani, mvua ikianza katikati ya mbio bendera nyeupe inapeperushwa, na madereva wanaruhusiwa kuingia kubadilisha pikipiki nzima wachukue yenye matairi mengine. Kama hao hawajidanganyi, nasi tusijidanganye. Kwa mtu anayetumia pikipiki kazini na safari za Morogoro, nunua matairi ya spoti ya safari ndefu, yenye mifereji ya kutosha na mpira uliochanganywa silika (unga unaousaidia kushika kwenye maji). Yanashika yakiwa ya baridi, na yanadumu zaidi. Utasikia watu wakisema yanaharibu sura ya pikipiki. Waache waseme.

Upepo nao una uzushi wake. Mtaani wanashauri upunguze upepo mvua ikinyesha ili tairi lishike zaidi. Usifanye hivyo. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea, mifereji inajifinya, na maji yanakosa pa kutokea. Soma kibandiko kilichoko karibu na cheni. Kwa nyingi za aina hii utakuta psi 36 mbele na 42 nyuma, na kipimo hicho ni cha tairi lililopoa. Nunua geji yako mwenyewe uiweke chini ya kiti, maana za vituo vya mafuta kila moja inasema lake.

Mvua mbaya kuliko zote ni ile ya kwanza baada ya kiangazi. Oili, dizeli, vumbi na mabaki ya mpira yaliyolala kwenye lami kwa wiki nyingi vinaelea juu ya maji kidogo, na barabara inakuwa kama imepakwa. Manyunyu ya nusu saa ni hatari kuliko mvua kubwa iliyokwisha kusafisha lami. Mimi manyunyu ya kwanza yakianza nasimama kwenye baraza la duka lolote mpaka mvua ipige kweli. Nasema baraza la duka kwa sababu watu wengi hujikusanya chini ya flaiova, ukingoni mwa lami, na gari linaloteleza halitawachagua.

Baada ya hapo, jifunze kuisoma rangi ya barabara. Michoro myeupe ya kivuko cha pundamilia na mishale ya njia inateleza vibaya ikilowa. Vyuma vinashinda rangi kwa ubaya: mifuniko ya chemba, maungio ya madaraja na ya flaiova kama za Tazara na Ubungo, na reli mahali zinapokatiza barabara. Chuma kipite pikipiki ikiwa imesimama wima, resi imetulia, bila breki. Kwenye mizunguko ya barabara na mbele ya vituo vya mafuta kuna dizeli iliyomwagika kutoka kwenye malori. Ukiona upinde wa mvua juu ya lami, hiyo ndiyo. Na kwa wakazi wa Goba, Madale na Mbezi: pale barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami, magari yanabeba tope na kulitandaza mita nyingi. Lile tope jekundu jembamba liheshimu.

Pita kwenye mkondo wa matairi ya gari lililo mbele yako, maana limekusogezea maji. Lakini usilikaribie. Ukiwa kilometa 72 kwa saa unasafiri mita 20 kila sekunde. Pengo la sekunde mbili linalotosha siku ya jua liwe la sekunde nne, yaani mita 80. Najua daladala itaingia hapo katikati. Iache iingie, kisha rudi nyuma tena.

Kuhusu gia: 600 ya silinda nne ina nguvu zake injini ikizidi mizunguko 10,000 kwa dakika. Kwenye mvua huko huna haja nako. Tembea gia moja juu ya ile uliyoizoea, mizunguko kati ya 4,000 na 6,000, na utaona tairi la nyuma linavyokaa kimya. Mwenye 1000 hana unafuu huo, kwa sababu yake inasukuma tangu chini. Kama ina hali ya mvua ("rain mode", inayopunguza ukali wa injini) kwenye mitambo yake, iwashe bila aibu. Ukishusha gia, rudisha klachi taratibu. Klachi ikiachiwa ghafla, injini inalifunga tairi la nyuma sawa na breki.

Breki ndiyo inayotisha wengi, na ushauri unaosikika sana ni "usiguse ya mbele." Nakataa kabisa. Ya mbele bado ndiyo inayokusimamisha, ila inataka utangulizi. Diski ikilowa, mwanzoni unabonyeza na hakuna kinachotokea, kwa kuwa pedi zinafuta maji. Kisha inashika ghafla. Aliyebonyeza kwa hofu anakuta amezidisha. Kwa hiyo gusa kidogo mapema, diski ikauke, uzito uhamie tairi la mbele, ndipo uongeze nguvu kidogo kidogo. Ya nyuma isaidie kukutuliza. Kona iingie ukiwa umeshamaliza kupunguza mwendo. Sogeza kichwa na bega upande wa ndani ili pikipiki yenyewe isilale sana, na resi iwe nyembamba isiyobadilika. R6 ilipata ABS, yaani mtambo unaozuia tairi lisifungwe na breki, mwaka 2017, na CBR600RR ilikuwa nayo kama chaguo tangu 2009. Kama yako haina, ABS yako ni vidole vyako.

Kwenye macho sitakaa sana. Kioo cheusi cha helmeti acha nyumbani. Kwa ukungu wa ndani, kioo cha pili cha Pinlock, kinachopachikwa ndani ya kile cha helmeti, ndiyo dawa ya kweli. Ukikikosa, sabuni kidogo ya maji ya vyombo iliyopakwa na kufutwa kwa kitambaa kikavu inasaidia kwa muda. Glovu zisizopitisha maji usizione anasa. Ukipanda Kitonga kuelekea Iringa ukiwa umelowa, vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakiwezi kuipima breki kama nilivyoeleza.

Dimbwi usilojua chini yake kuna nini usilipite. Maji yanayotembea usiyapite hata ukiona bodaboda wanapita. Barabara ya Jangwani, Dar es Salaam, imezoeleka kufungwa Mto Msimbazi unapofurika, na kila mara utaona wanaojaribu. Pikipiki ya spoti ina udhaifu wao hawana: nyingi zinavuta hewa kwa mbele, karibu na taa, na gurudumu la mbele linayarusha maji juu. Mimi kikomo changu ni ekseli, yaani katikati ya gurudumu. Maji yakizidi hapo nageuza. Injini ikizima majini, usibonyeze stata. Maji hayagandamizwi kama hewa, na pistoni ikiyakuta kwenye silinda inapinda konirodi, chuma kinachoisukuma pistoni. Isukume mpaka pakavu, fungua plagi zote, umwite fundi.

Ukifika nyumbani, suuza mchanga kwa maji ya kawaida, si mashine ya presha kwenye beringi na cheni. Futa cheni, kisha pulizia mafuta yake upande wa ndani ikiwa bado ina joto, uzungushe gurudumu kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Glovu zianike kivulini, jua kali linakausha ngozi mpaka inapasuka. Asubuhi utakuta diski zina kutu nyepesi ya rangi ya chungwa. Usizipake chochote, breki za kwanza ukiwa bado mtaani kwako, kwa mwendo mdogo, zitaiondoa.