Usitie sahihi bado

Dada wa Kisumu, nimekuelewa: unachora kwa rangi za maji, umeandika hadithi ya mtoto wa mvuvi wa Dunga, na mchapishaji anataka kununua picha zote kwa malipo ya mara moja. Ngoja kwanza. Mimi hapa Nakuru niliwahi kuuza hivyo. Kitabu kikachapishwa tena na tena, nami sikuona hata ndururu.

Kuuza karatasi yenye picha na kuuza hakimiliki, yaani haki ya kuichapisha picha hiyo, ni mambo mawili. Omba mrabaha, yaani asilimia ya kila nakala inayouzwa, na mkataba useme picha asilia zitarudi kwako. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo unachotoa leo ni cha wajukuu pia. Sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki, na wakili asome mkataba hata kama ada inauma.

Wakikataa, jichapishie nakala chache. Beatrix Potter wa Uingereza, mtunzi wa vitabu vya watoto, naye wa rangi za maji, alikataliwa na wachapishaji, akajichapishia nakala 250 mwaka 1901. Mwaka uliofuata, mmoja wa waliomkataa akamchapisha!

Halafu, tumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyembamba hujikunja ikilowa. Piga skani kila picha ikikauka tu. Mbili zangu ziliota ukungu chini ya kitanda, na huko kwenu ziwani unyevu ndio nyumbani kwake.