Nilikwanguliwa ugaga, nikadhani nimemaliza

Mwaka jana fizi zangu zilikuwa zinavuja damu hata nikila hindi la kuchoma. Nikaenda hospitali moja hapa Mwanza, nikapigwa ganzi, nikakwanguliwa ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, mpaka chini ya ufizi. Baada ya wiki mbili damu ikakata, harufu ikaisha, nikarudi Mwaloni Kirumba kwenye dagaa zangu. Kama niliambiwa nirudi lini, sikusikia. Miezi mitano baadaye nikatema damu tena, jino lile lile la nyuma kulia.

Nikafanya tunachofanya wengi: duka la dawa, antibayotiki, nusu dozi. Uvimbe ukashuka, kisha ukarudi.

Daktari wa mara ya pili alikuwa binti mdogo tu. Akaniamkia, akachukua kifimbo chembamba chenye alama za milimita, akawa anakiingiza polepole kati ya jino na ufizi huku akimsomea nesi namba. Tatu, mbili, tatu, tatu. Usingizi ukaanza kuninyemelea. Sita! Nikafumbua macho.

"Mama, ufizi mzima hauzidi tatu. Hapa pana mfuko, na mswaki haufiki huko chini."

"Lakini nilishakwanguliwa."

"Ulikwanguliwa, ndiyo. Wamerudi."

Kumbe ukikwanguliwa, bakteria hawamaliziki wote. Wengine hubaki kwenye vijishimo vya mzizi na sehemu nyingine za kinywa, na ndani ya saa chache tu utando mpya huanza kujengeka juu ya jino. Usipoondolewa, baada ya siku kadhaa unaanza kuwa mgumu. Ndio ugaga wenyewe. Wale wabaya zaidi, wasiopenda hewa, hujijaza tena mifukoni taratibu, wiki hadi miezi. Ndiyo maana aliyewahi kuugua hupangiwa kurudi kila miezi 3 hivi, hata kama haumwi.

Sisi tuliofua nguo ziwani tungepaswa kulijua hili. Unasugua jiwe kwa mchanga mpaka mguu unashika. Jumamosi ijayo unakanyaga, unateleza. Na ule utelezi ukiumwagia sabuni bila kusugua, haung'oki. Vidonge vyangu vilikuwa sabuni hiyo.

Kilichonisaidia ni kiburashi chembamba kinachopita katikati ya meno, kila usiku kabla ya kulala. Siku za kwanza damu itatoka. Usikiache kwa sababu hiyo. Njiti za meno mimi nilizoea kutolea miba ya sato, hazifanyi kazi hii. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini nilipewa ya wiki mbili, ikanigeuza meno kahawia, na yenyewe si ya kutumia kila siku. Pima sukari pia, maana kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Kaka yangu anavuta sigara na anajisifu kwamba fizi zake hazitoi damu. Sigara hupunguza ile damu tu, ugonjwa unaendelea kula mfupa chini kwa chini. Nimemwambia, hasikii.

Mwezi uliopita nilisomewa namba tena. Sita imekuwa nne. Binti akaikwangua tena kidogo, akaniandikia tarehe kwenye kadi, na safari hii nimeibandika ukutani juu ya mizani ya dagaa.